Kuunganisha Mixpanel na PostgreSQL kwa n8n bila ya agizo moja kuhesabiwa mara mbili

Swali. Asalaam alaykum. Tuna programu ya simu ya kuagizia bidhaa za madukani na vyakula. Tulianzia Chake Chake, sasa tupo Wete na Mjini Unguja. Mwenendo wa wateja tunauangalia kwenye Mixpanel. Maagizo na malipo yamo kwenye kanzidata ya PostgreSQL. Kila Jumatatu mwenzangu hupakua faili la Mixpanel na kulipanga kwenye Excel pembeni ya maagizo, kazi ya kutwa. Na hesabu hazilingani: Mixpanel inaonesha maagizo yaliyolipwa mengi kuliko ya kanzidata, na Ramadhani tofauti ilizidi. Nasikia n8n, programu ya kuunganisha mifumo na kuendesha kazi zake kwa ratiba, inaweza kuziunganisha hizi mbili. Nianzie wapi? Na ripoti ya Jumatatu ambayo wenye maduka wanaidai, naweza kuitoa bila ya Excel?

Jibu. Wa alaykum salaam. Tuanze na hesabu kutolingana, maana ukiunganisha mifumo miwili inayopingana kabla ya kujua inapingana wapi, tofauti itabaki ileile, ila sasa itakuwa inakuja yenyewe kila asubuhi.

Sababu ya kwanza ya kuichunguza ni mahali tukio la "agizo limelipwa" linapotoka. Aghalabu hurushwa na simu ya mteja pale anapobonyeza kitufe cha kulipa. Kubonyeza si kulipa. Baada ya hapo ombi la PIN huja kwenye simu: kuna anayeliacha mpaka muda wake ukapita, kuna ambaye salio halitoshi, kuna anayebonyeza mara ya pili akidhani la mwanzo halikwenda. Mixpanel imeshaandika malipo mawili, kanzidata ina moja au haina kabisa. Upo na upande wa pili: aliyelipa kweli, kisha akazima data kabla ya simu kutuma taarifa. Mixpanel ya ndani ya simu huweka matukio kwenye foleni na kuyatuma mtandao ukipatikana, na kwa mteja wa Konde aliyeishiwa na bando hiyo yaweza kuwa keshokutwa.

Kwa hiyo gaweni kazi. Jambo la mkono wa mteja litangazwe na simu: kufungua programu, kutafuta bidhaa, kuweka kapuni, kubonyeza kulipa. Jambo la pesa na mzigo litangazwe na seva, baada ya kanzidata kuliandika: kulipwa, kughairiwa, kurudishiwa pesa, kufikishwa. Tukio la zamani la kwenye simu lipeni jina la ukweli, tuseme `amebonyeza_lipa`, na lile la seva lipeni jina jipya kabisa, `agizo_limelipwa`. Msilitumie tena jina la zamani kwa maana mpya, mtaharibu historia yote ya nyuma. Na mwandike kwa namna moja: Mixpanel hutofautisha herufi kubwa na ndogo, hivyo `Agizo_Limelipwa` na `agizo_limelipwa` kwake ni vitu viwili.

Ramadhani ina sababu yake ya ziada, nayo ni saa. Zanzibar iko saa 3 mbele ya UTC (saa ya kimataifa) mwaka mzima, kwa hiyo mfumo unaohesabu siku kwa UTC hubadilisha tarehe saa 9 usiku ya kwetu. Siku za kawaida hilo halionekani, watu wamelala. Ramadhani watu wanatoka tarawehe, wanakaa barazani, na maagizo ya daku yanaingia baina ya saa 6 na saa 9 usiku. Yote hayo upande mmoja yanaandikwa tarehe ya leo, upande wa pili ya jana. Kama mradi wenu wa Mixpanel uko kwenye saa za pwani ya magharibi ya Marekani, ndiyo mbaya zaidi: siku yao huanza saa 4 asubuhi ya kwetu, na saa 5 wakiwa kwenye majira ya baridi. Fungueni mipangilio ya mradi mtazame ukanda wa saa kabla ya kugusa kitu chengine.

Upande wa PostgreSQL, safu ya wakati iwe aina ya `timestamptz` (wakati unaozingatia ukanda wa saa), na tarehe itolewe kwenye ripoti tu, hivi:

```
(wakati AT TIME ZONE 'Africa/Dar_es_Salaam')::date
```

Msiutafute ukanda wa "Africa/Zanzibar", haumo kwenye orodha. Huu wa Dar es Salaam ndio wetu. n8n nayo ina mtego wake: ukiisimika kwenye seva yako bila ya kuiambia kitu, hujihesabu iko New York. Ratiba uliyoiandika ya alfajiri itakuja kufanya kazi karibu na mchana, na mara mbili kwa mwaka itaruka saa moja bila ya mtu kuigusa. Weka `GENERIC_TIMEZONE=Africa/Dar_es_Salaam` kabla ya kuiwasha. Tena mkumbushane timu nzima kwamba ratiba za mashine hazihesabu saa kama sisi: saa 12 asubuhi ni `0 6 * * *`, yaani dakika 0, saa 6. Atakayeandika 12 atapata kazi yake adhuhuri.

Sasa muundo wenyewe. Msijenge daraja moja la kwenda na kurudi. Jengeni mitiririko miwili ya kazi, kila mmoja wa upande mmoja tu: wa kwanza unatoa matukio ya pesa kwenye kanzidata na kuyapeleka Mixpanel kila dakika 5, wa pili unaleta matukio ya wateja kutoka Mixpanel hadi kwenye kanzidata mara moja kwa siku. Yote miwili inabeba sharti moja, na hili ndilo la kushikilia kuliko yote: kazi ikirudiwa, hata mara kumi, matokeo yabaki yaleyale. Mtandao utakatika katikati ya kutuma. Seva itazimwa. Mtu atabonyeza "endesha" kwa mkono kujaribu. Mfumo usiostahimili kurudiwa utakuleteeni nakala mbilimbili, na nakala hazina kelele. Mtazijua mwisho wa mwezi.

n8n isikae kwenye kompyuta ya ofisini. Umeme ukienda, kazi zote zimesimama, na laini ya data ya simu kwa kawaida haina anwani yake yenyewe ya intaneti, kwa hiyo huduma ya nje haiwezi kuifikia. Kodini seva yenye RAM ya GB 2, muiendeshe kwa Docker (inayofunga programu na mahitaji yake kwenye kasha moja), pembeni yake kanzidata ndogo ya PostgreSQL ya n8n peke yake, mbali na ile ya biashara. SQLite, kanzidata ya faili moja inayokuja na n8n, yafaa kwa majaribio. Lakini kazi ya kila dakika 5 ni mizunguko 288 kwa siku, na n8n huhifadhi kumbukumbu za kila mzunguko pamoja na data yote iliyopita humo. Kwenye mipangilio ya mtiririko huo zima kuhifadhi mizunguko iliyofanikiwa, acha iliyoshindwa tu, na punguza umri wa kumbukumbu kwa `EXECUTIONS_DATA_MAX_AGE=168`, yaani saa 168, wiki moja. Halafu `N8N_ENCRYPTION_KEY`: nakili ufunguo huo mahali salama nje ya seva. Ukihamisha n8n bila yake, maneno ya siri yote yaliyomo hayasomeki tena.

Kwenye kanzidata ya biashara, n8n ipewe mtumiaji wake mwenye ruhusa ndogo: kusoma majedwali inayoyahitaji, kuandika kwenye majedwali ya matukio, basi. Isipewe ruhusa ya kufuta maagizo. Na mlango wa 5432, wa PostgreSQL, usiachwe wazi kwa dunia nzima. Nodi (hatua moja ya mtiririko) ya Postgres ndani ya n8n inaweza kupitia SSH, njia salama ya kuingilia seva.

Mtauliza kwa nini si Zapier, huduma nyengine ya kuunganisha mifumo. Zapier hutoza kwa kila kitendo, na ukipeleka tukio mojamoja, matukio 10,000 ni vitendo 10,000. Ni nzuri kwa mambo machache yenye thamani, si kwa hatua za kila mteja. Na kama mnaye mtu anayeandika Python vizuri, programu fupi inayoitwa na cron (kipanga ratiba cha seva) itafanya kazi yote hii bila ya n8n. Faida ya n8n ni kwamba asiyeandika programu naye anaweza kufungua akaona kazi imekwama wapi.

Kutoka kanzidata kwenda Mixpanel

Njia inayokuja haraka akilini ni kuuliza kila dakika 5, "nipe maagizo yote yaliyobadilika tangu mara ya mwisho." Iepukeni. Katika PostgreSQL, `now()` ni wakati muamala wa kanzidata (kundi la amri zinazopita au kuanguka pamoja) ulipoanza, wala si ulipomalizika. Muamala ukianza sekunde ya 0 na kukamilika sekunde ya 4, na mtiririko wenu ukapita sekunde ya 2, mstari ule haukuonekana. Mara inayofuata mnauliza kuanzia sekunde ya 2, na mstari una alama ya sekunde ya 0. Umepotea moja kwa moja. Wakati wa shughuli nyingi hili si jambo la nadra.

Badala yake wekeni jedwali la foleni. Liwe na `id`, `tukio_id` ya aina ya UUID (kitambulisho kirefu kisichojirudia), `jina`, `mteja_id`, `wakati`, `sifa` ya aina ya `jsonb` (JSON, yaani data ya jozi za jina na thamani), kisha `imeshikwa`, `imetumwa` na `kosa`. Programu yenu inapoandika kwamba agizo limelipwa, iandike na mstari kwenye foleni ndani ya muamala uleule. Yakipita yanapita yote mawili, yakianguka yanaanguka yote.

n8n haizuii mzunguko mpya kuanza kabla ya uliotangulia kumaliza, kwa hiyo mizunguko miwili inaweza kuokota mistari ileile. Na kila nodi ya Postgres hufunga muamala wake, hivyo kufuli lililowekwa na nodi moja halifiki nodi ya pili. Mistari ishikwe kwa amri moja:

```
UPDATE foleni SET imeshikwa = now()
WHERE id IN (
  SELECT id FROM foleni
  WHERE imetumwa IS NULL AND kosa IS NULL
    AND (imeshikwa IS NULL
         OR imeshikwa < now() - interval '15 minutes')
  ORDER BY id LIMIT 500
  FOR UPDATE SKIP LOCKED)
RETURNING id, tukio_id, jina, mteja_id, wakati, sifa;
```

Zile dakika 15 ni kwa ajili ya mistari iliyoshikwa na mzunguko uliokufa njiani. Baada ya muda huo huachiwa na kuokotwa tena.

Nodi inayofuata ni ya kupanga JSON, kisha ya kutuma HTTP kwenda `https://api.mixpanel.com/import?strict=1` pamoja na namba ya mradi, kwa akaunti ya huduma (service account) ya Mixpanel. Mradi uliofunguliwa kwenye seva za Ulaya hutumia `api-eu.mixpanel.com`, na ukikosea hapo hamtapata kitu. Fungu moja halizidi matukio 2,000 wala MB 10 kabla ya kubanwa. Mistari 500 inatosha, na kosa likitokea ni rahisi kulitafuta. Msitumie anwani ya `/track` kwa kazi hii: haipokei tukio lililopita siku 5, na foleni yenu ikikwama wiki moja mtayakosa.

Hapa pana jambo linalowapoteza wengi. Mixpanel hutambua nakala kwa vitu vinne kwa pamoja: jina la tukio, `distinct_id` (kitambulisho cha mteja), `time` (wakati wa tukio) na `$insert_id` (kitambulisho cha tukio lenyewe). Wengi huweka `$insert_id` wakaridhika, halafu kwenye `time` wakaweka saa ya kutuma. Kazi ikirudiwa, saa imebadilika, na kwa Mixpanel hilo ni tukio jipya. Kwa hiyo `time` iwe ile safu ya `wakati` iliyoandikwa malipo yalipothibitishwa, na `$insert_id` iwe `tukio_id` kutoka kwenye foleni. UUID ina herufi 36, ambazo ndizo ukomo wake. Msitengeneze kitambulisho kipya ndani ya n8n, kitabadilika kila mzunguko.

`distinct_id` iwe namba ya mteja ya ndani, ileile ambayo programu ya simu humtambulisha nayo anapoingia. Isiwe namba ya simu. Mtu mmoja hujiandikisha kwa 07, kesho kwa +255, mara nyengine kwa 255 bila ya alama, na Mixpanel itaona watu watatu; tena laini hubadilishwa, na simu moja hutumiwa na watu wawili nyumbani. Angalieni pia thamani tupu: Mixpanel hukataa `distinct_id` kama `null`, `undefined`, `unknown` au `0`. Agizo la mteja asiyejisajili likipelekwa na 0 litarudi.

Thamani ya agizo iende kama namba, 15000, isiwe maandishi "15,000" wala "TSh 15000". Maandishi hayajumlishiki, na mtaligundua siku ya kutaka jumla ya mauzo.

Kisha someni majibu. Kwa `strict=1`, Mixpanel hurudisha 400 kukiwa na matukio mabovu, lakini mazima ya fungu hilohilo huwa imeshayapokea, na jibu linataja yaliyokataliwa na sababu ya kila moja chini ya `failed_records`. Nodi ya HTTP ya n8n ikiona 400 kwa kawaida husimama, kwa hiyo kwenye chaguo zake iwekeni isihesabu jibu kama kosa, muamue wenyewe nodi inayofuata. Mazima yawekewe `imetumwa`. Mabovu yaandikwe sababu kwenye `kosa` ili yasiokotwe tena. Bila ya kufanya hivyo, tukio moja bovu litarudishwa kila baada ya dakika 15 mpaka mwisho wa dunia. Jibu la 429 lina maana mmezidisha kasi: acheni, mistari itaokotwa raundi nyengine. Majaribio ya ndani ya nodi hayafiki mbali, mwisho ni mara 5 zenye mapumziko ya sekunde 5, na hayo yanatosha kwa mtandao uliopepesa tu.

Kutoka Mixpanel kuja kwenye kanzidata

Hii iende mara moja kwa siku, saa 12 asubuhi. Saa 10 usiku inapendwa na wengi duniani kwa kuwa seva zimetulia, lakini kwenu Ramadhani saa hiyo si ya utulivu. Saa 12 ni kimya mwaka mzima.

Anwani ni `https://data.mixpanel.com/api/2.0/export` pamoja na `from_date`, `to_date` na namba ya mradi. Msilete jana peke yake. Matukio yaliyochelewa kwenye simu za wateja huandikwa tarehe yalipotokea, wala si yalipowasili, kwa hiyo hesabu ya Jumapili inaendelea kukua mpaka katikati ya wiki. Kila asubuhi leteni siku 6 zilizopita. Kwa kuwa simu haziwezi kutuma la zaidi ya siku 5, dirisha la siku 6 linayachukua yote.

Kila ombi lilete siku moja, wala si 6 kwa pamoja. n8n huweka jibu lote kwenye RAM, na seva ya GB 2 huelemewa na faili kubwa. Dalili yake ni n8n kujizima na kuwaka tena bila ya ujumbe wa maana. Ukomo wa Mixpanel ni maombi 60 kwa saa, na 6 hayasumbui. Mkitaka historia ya mwaka mzima, maombi 365, wekeni nodi ya kusubiri sekunde 65 baina ya ombi na ombi. Itachukua karibu saa 7, muiache usiku mmoja.

Jibu si orodha ya JSON. Ni mistari, kila mstari JSON yake. Ukiiachia n8n ikisie, itashindwa. Mwambie nodi apokee maandishi, kisha kwenye nodi ya programu kata kila penye mstari mpya, ruka mistari mitupu, fasiri mmojammoja. Mistari mitupu msiidharau: siku isiyo na tukio hurudi tupu kabisa, na kufasiri utupu ni kosa litakalosimamisha siku zote zinazofuata.

`time` huja kwa sekunde, na kwenye PostgreSQL hugeuzwa kwa `to_timestamp`. Mkiona matukio ya Januari 1970, kuna mahali pamesoma sekunde kama milisekunde. Kabla ya kuamini chochote, fungua programu saa unayoijua, subiri, vuta tukio hilo, na tazama linavyosomeka. Miradi ya zamani ya Mixpanel ilikuwa ikitoa saa kwa ukanda wa mradi badala ya UTC, na jaribio la dakika 10 linakuonyesha mko upande gani.

Kwenye jedwali la `matukio` wekeni kizuizi cha upekee juu ya vilevile vinne, jina, mteja, wakati na `insert_id`, na mwingize kwa mafungu ya mistari 500:

```
INSERT INTO matukio (insert_id, jina, mteja_id, wakati, sifa)
VALUES ...
ON CONFLICT DO NOTHING;
```

`DO NOTHING` ni bora hapa kuliko `DO UPDATE`, kwa sababu faili la Mixpanel linaweza kuwa na nakala ndani yake, na `DO UPDATE` ikikutana na mstari uleule mara 2 ndani ya amri moja huanguka, fungu zima linarudi. Na safu zote nne ziwe `NOT NULL`, pasipo na thamani muandike maandishi matupu. PostgreSQL kwa kawaida huhesabu kila `NULL` kuwa tofauti na mwenzake, hivyo tukio lisilo na mteja litapita kizuizi kila asubuhi, siku 6 mfululizo. Sifa zote nyengine ziacheni ndani ya `jsonb`. Msifungue safu kwa kila sifa, wataalamu wa programu wataziongeza kila mwezi.

Matukio ya pesa mliyoyatuma kwa mtiririko wa kwanza yatarudi na huu wa pili. Msiyazuie. Yapeni sifa ya `chanzo` yenye thamani `seva`, na msiyaruhusu kugusa jedwali la maagizo. Kazi yao ni ukaguzi. Kila asubuhi baada ya kazi kumalizika, amri moja ya SQL ilinganishe namba tatu za jana: maagizo yaliyolipwa, mistari ya foleni iliyotumwa, na matukio ya `chanzo` seva yaliyorudi. Ya kwanza ikizidi ya pili, kuna sehemu ya programu inaandika malipo bila ya kupitia foleni, khasa njia ya mhudumu kuthibitisha malipo kwa mkono. Ya pili ikizidi ya tatu, tatizo liko kwenye kutuma, au ni ukanda wa saa. Ya tatu ikizidi, ni nakala. Hizi za seva zinatakiwa zilingane sawasawa. `amebonyeza_lipa` haitalingana na malipo kamwe, wala haitakiwi; pengo lake ndilo linalokwambieni wangapi wanakwama kwenye PIN.

Tofauti ikionekana, n8n itume ujumbe wa Telegram. Kwa kazi zilizoanguka kuna mtiririko maalumu wa makosa, ila una upofu wa aina mbili: hauamki kwa mizunguko ya kuendesha kwa mkono, kwa hiyo msiujaribu hivyo mkadhani mbovu, na seva ikizimika yote, nao umezimika. Kwa hili la pili tumieni huduma ya nje kama Healthchecks.io: kila kazi ikimalizika inapiga hodi kwenye anwani yake, na hodi isiposikika kwa wakati, wao ndio wanaotuma barua pepe.

Majina, namba za simu na anwani za kufikishia mzigo zisiende Mixpanel. Kuisaga namba ya simu kuwa msimbo (hash) hakusaidii kama watu wanavyodhani: namba za Tanzania zina tarakimu 9 baada ya 255, na kompyuta ya kawaida huzijaribu zote kwa muda mfupi. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ina masharti juu ya kupeleka taarifa za watu nje ya nchi, na njia nyepesi ya kupunguza mzigo huo ni kutozipeleka. Namba ya mteja ya ndani, mji na aina ya bidhaa vinatosha kwa uchambuzi wote mlioutaja.

Ripoti ya Jumatatu sasa ni kazi ndogo. Tengenezeni mwonekano wa SQL (view, yaani ulizo lililohifadhiwa na kusomwa kama jedwali) unaotoa pesa kutoka kwenye `maagizo` na mwenendo kutoka kwenye `matukio`, kwa kila duka: walioona bidhaa, walioweka kapuni, waliobonyeza kulipa, waliolipa, jumla ya shilingi. `date_trunc` ya wiki huanza Jumatatu, inakwenda sawa na mnavyohesabu. Mtiririko wa tatu, `0 7 * * 1`, usome mwonekano huo duka mojamoja, ugeuze kuwa faili la CSV, umtumie kila mwenye duka lake tu. Mwenye duka wa Wete asione mauzo ya jirani yake. Ila kitu kimoja mkubaliane nao kabla ya ripoti ya kwanza: pesa iliyorudishwa ionekane kwenye wiki iliyorudishwa, kwenye safu yake, wala isipunguzwe kimyakimya kwenye wiki ya mauzo ambayo walishalipwa.